Mpaka Mzee Aseme

Wekundu ulikuwa umeuvuka mstari. Daktari aliuchora mwenyewe asubuhi, kwa kalamu ya wino, kuzunguka paja la mgonjwa. Sasa ngozi iliyo juu ya mstari ilikuwa imevimba na kuanza kuwa zambarau.

"Nyama inaoza ndani kwa ndani," alimwambia mke wa mgonjwa. "Dawa tunayompitishia mshipani haifiki kwenye nyama iliyokufa. Tusipoikata yote sasa hivi, tutampoteza."

"Basi ikateni, daktari! Mnangoja nini?"

Daktari akakohoa. Sahihi ya mke ilitosha kabisa. Lakini aliwahi kumkata mtu mguu kwa sahihi ya mke, ukoo wa mume ukaja kumkaba shati, na tangu siku hiyo alikuwa akiogopa wajomba kuliko vijidudu.

"Hakuna mkubwa yeyote wa upande wa mume?"

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwenye koti zito, fimbo, na kikapu chenye chupa ya uji. Akaangaza macho vitandani.

"Afadhali umefika, mzee wetu!" muuguzi alisema, akimvutia kiti. Mke, aliyeolewa juzijuzi na hajamaliza kuwajua wakwe zake, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akaketi, akaletewa maji. Daktari akamweleza yote kwa adabu, mikono nyuma, kisha akauliza, "Sasa mzee, unasemaje?"

Swali hilo lilimkaa mzee vizuri kuliko kile kiti. Akalitafakari kwa raha zake.

"Kijana aliumizwa na nini?"

"Waya, mzee. Ulimkwaruza tu."

"Mkwaruzo! Ndiyo mumchinje? Mpakeni dawa, tuone mpaka jioni."

"Jioni hatakuwepo, mzee."

"Nimeshasema."

Na kweli alikuwa ameshasema. Muuguzi akaachia kitanda alichokwisha kuanza kukisukuma. Daktari akachora mstari mwingine, juu zaidi, ili wekundu uwe bado haujauvuka.

Mgonjwa akaanza kuweweseka. Mke akalia, akabembeleza, akaishika miguu ya mzee. Mzee akatazama dirishani. Wekundu ukaufikia mstari wa pili.

Hapo mke akasimama, woga wote umemtoka.

"Baba, nakuheshimu. Lakini atakayebaki mjane ni mimi, si wewe!"

Akampokonya daktari kalamu, akatia sahihi, akaanza kusukuma kitanda mwenyewe. Muuguzi akadakia upande wa pili, wakatoka mbio kuelekea chumba cha upasuaji.

Daktari alichelewa kidogo mlangoni, maana hakutaka kuondoka bila kuomba radhi.

"Tusamehe, mzee. Mabinti wa siku hizi, unawajua mwenyewe."

"Nimesamehe," mzee alisema, akiokota kikapu chake. "Sasa nielekezeni wodi ya wazazi. Binti yangu kajifungua jana, na uji wake mmeshanipoozea."