Masikio ya Ngedere

Zamani, na wala si zamani sana, ngedere walikuwa na desturi: mtoto akikosea, mamaye humng'ata sikio. Wakaiita malezi, na aliyehoji akaitwa mkorofi. Sikuzani, ambaye masikio yake yalibaki vipande, alijiapiza kwamba hatamng'ata mwanawe kamwe.

Siku moja mtoto akaangusha kibuyu, maji ya bibi yake yakamwagika yote.

"Masikio mazima kama majani mapya!" bibi akafoka. "Binti yangu, huyu unamlea au unamfuga?"

Aibu ikampanda Sikuzani, akatoa meno amng'ate mtoto kabla hajafikiri. Mtoto hakukimbia. Aliinamisha kichwa, akamsogezea sikio.

"Nani kakufunza hivyo?" Sikuzani akauliza.

"Wewe, mama. Bibi akija, unakaa hivi hivi."

Sikuzani akafumba mdomo. Kisha akamgeukia mamaye, akamgusa makovu pale ambapo masikio yake yalikuwa. "Na wewe, mama, ulikosea nini?"

Bibi akakitazama kibuyu.

"Nilimwaga maji," akasema.

Mtoto akaokota kibuyu, akaenda kumtekea mengine.