Kitanda cha Bi Tunu

Afisa ustawi alikunja futi yake, akatikisa kichwa. "Mama, nafasi ya kuchezea haitoshi watoto tisa. Ikibaki hivi, ruzuku ya serikali inakatwa, na nyumba hii haitaruhusiwa tena kulea watoto."

Bi Tunu alimbebesha afisa mtoto aliyekuwa mgongoni kwake, akakamata kitanda chake, kitu pekee kikubwa chumbani, akakiburuta hadi uani.

"Haya mwanangu, pima tena."

Afisa alipima, mtoto begani. Safari hii aligonga muhuri.

Bi Tunu alishusha pumzi ndefu. Kule uani watoto walishapanda kitandani, wanarukaruka, naye alikuwa bado anawacheka tone la kwanza la mvua lilipodondoka kwenye mto wake.