Firigisi ya Mzee Khaemba

Tangu kuchinja kulipopigwa marufuku, nyama yote ilikuzwa kiwandani, na kuku wa kiwandani hakuwa na firigisi. Mzee Khaemba, ambaye kwa desturi firigisi ilikuwa haki yake peke yake kama baba wa nyumba, alivumilia bila kunung'unika. Jumapili hiyo mkewe, Nasambu, aliingia na bakuli akicheka.

"Baba Simiyu, sasa wanakuza hata firigisi! Kula, mume wangu."

Khaemba alifumba macho akamshukuru Mungu kwa moyo wote. Alipoyafumbua, wajukuu wake waliomzunguka mezani walikuwa wanatafuna.

"Babu na sala zako ndefu!" mmoja wao alisema. "Usijali, zimo tele, kila mtu ana yake."

Khaemba alikata kipande cha kumbariki mjukuu mmoja, kama baba yake mwenyewe alivyofanya zamani, akakishika mkononi. Hakuna kinywa kilichokuwa kitupu.