Ngiri Aliyeziba Maharage

Sikilizeni, na anayetaka kubisha akabishie kwao. Ngiri alipanda maharage, mvua ikamkubali, yakazaa mpaka mawingu yakakosa njia ya kupita. Yalikuwa machanga, yale ya kupikwa na maganda yake, kila asubuhi magunia kwa magunia.

Jirani yake Mama Buku, panya mwenye watoto wengi na chungu kitupu, akamwambia, "Shemeji, yachemshe kidogo na chumvi, uyaanike juu ya paa. Kiangazi utakula."

Ngiri akacheka mpaka milima ikasogea. "We panya! Mimi nianike mboga paani kama fukara? Wapita njia watasemaje?" Akayashindilia mabichi kwenye mitungi, akafunika, akaziba kwa udongo. Yaliyokomaa, yenye nyuzi, akamtupia Mama Buku. "Haya, kaanike umaskini wako."

Mama Buku akachemsha, akaanika, paa likajaa.

Kiangazi kikaja, kikali hata mto ukaomba maji ya kunywa. Ngiri akafungua mitungi. Lo! Uozo mtupu. Nzi wa nchi saba wakahamia pale na vitanda vyao. Bwana mkubwa, mbavu nje, akaenda kwa panya.

"Shemeji wangu, nionjeshe yale ya paani."

Mama Buku akampakulia bakuli, likajaa. Ngiri akaona wapita njia wanakuja, akanong'ona, "Basi yafunike, nisionekane nayo."

"Funika mwenyewe, shemeji. Ndiyo kazi pekee unayoijua."