Mpishi wa Kasri

Binti yangu alikuwa ameshafika msuko wa nne, na lililomleta bado hajalisema.

Tulikubaliana kwamba leo mjukuu wangu ataambiwa. Yeye anajua mama yake alikufa, na huyu anayekuja kumsuka ni shangazi. Kumbe shangazi ndiye aliyemzaa.

"Nimalize kichwa kwanza," binti yangu aliniomba jikoni.

"Haya," nikasema. "Mtoto hakimbii."

Mjukuu alikuwa kakaa chini, simu mkononi, kazama kwenye tamthilia yake ya wafalme na majoka.

"Bibi, nimeshamgundua! Yule mpishi wa kasri ndiye mama yake binti mfalme, yule wanayesema alikufa. Mtandaoni wananibishia, lakini mtu baki gani anampangusa mtoto mdomo namna ile?"

"Labda ana huruma zake tu."

"Huruma wapi, Bibi! Na ningekuwa mimi, ningemfukuza na masufuria yake. Miaka yote unanipikia, unanitazama usoni, umenyamaza? Afadhali ungekufa kweli."

Vidole vilisimama kichwani mwake. Fungu moja la nywele lilikuwa limezunguka kidole cha binti yangu, likazidi kukaza mpaka ncha ikabadilika rangi.

Akaniangalia. Nilikuwa na la kusema, nikalimeza. Subira yangu yote ya maisha, nikaitumia pale isipotakiwa.

"Aa, shangazi, unanivuta!"

"Samahani," akasema, akalegeza. "Inama kidogo, mtoto wa kaka."