Vidonge vya Gebai

Boti ilikuwa imeshaacha kijiji kuelekea hospitali ya Daru, usukani mikononi mwangu, nesi alipofungua kopo la Gebai akakuta vidonge vyake vya kifua kikuu vimekatwa nusu nusu.

"Nusu nyingine iko wapi, baba?"

"Kwa mdogo wangu. Naye anakohoa. Nimeze peke yangu, mimi mbwa?"

Nesi alishika kipande chekundu. Kisu kilikuwa kimekipasua sawasawa, hakuna aliyepunjwa.

"Nusu haiui vidudu vyote. Vinabaki vile sugu, vinazaana, na vitoto vyake dawa hii haiviwezi tena."

Gebai alimtazama binti yake, aliyekuwa amempakata kichwa mapajani. "Basi huyu yuko salama. Sikumpa hata kimoja." Akakohoa, uso wa binti ukiwa juu yake.

Alikufa Agosti, mdogo wake Septemba. Binti yuko wodini, naye sasa anakohoa. Dawa ile, hata nzima, haikumsaidia. Mimi bado naendesha boti.