Orodha ya Wachangia Damu

Diski ilikuwa imejaa. Hildegardi, karani wa kompyuta ya mtumba katika hospitali moja ya misheni Mbinga, akaamua kufuta kifurushi kimoja cha maktaba ya Linux, mfumo ulioendesha kompyuta hiyo, alichodhani hakina kazi. Kompyuta ikamwonya kwamba programu tisa zinazokitegemea zitafutwa nacho. Hakusoma majina yake. Akabonyeza ndiyo.

Majina yakaanza kupita kwenye kioo. La saba lilikuwa la programu ya wachangia damu.

Mlango ukafunguliwa. Sista wa wodi ya wazazi alisimama pale, aproni imelowa damu.

“Hildegardi, haraka, nitafutie watu wa kundi O! Yule mama wa kijiji cha Mapera amejifungua, damu haikatiki.”

Alijaribu kuifungua programu. Haikufunguka. Majina mia mbili ya wachangiaji yalikuwa bado ndani ya diski, lakini hakukuwa na cha kuyasomea. Sidii ya kuirudishia programu hiyo ilikuwa Songea, mwendo wa saa nne kwa tope la masika.

“Sista, mimi ni kundi O.”

“Wewe tulikutoa damu Jumatatu hii.”

Hildegardi alikuwa ameshaanza kukunja mkono wa sweta.